Yai la Elisée

Siku Elisée alipokufa, mama hakulia.

Alikuwa ameketi kwenye benchi la hospitali, mkoba juu ya magoti. Daktari alipotoka na kusema neno lake, mama aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayeambiwa dukani kwamba mkate umekwisha. Kisha akanigeukia. Alinitazama toka utosini hadi kwenye ndala, akanyoosha mkono akafunga kifungo cha blauzi yangu kilichokuwa wazi.

"Kabwe," akasema, "ndugu yako alienda kutafuta kuni. Unasikia?"

"Ninasikia, mama."

"Bantu bakikuuliza, sema vile. Alienda kutafuta kuni."

Ilikuwa homa ya tumbo, katikati ya majira ya mvua, wakati maji ya visima vya mtaa wetu wa Hewa Bora yanapochanganyika na maji ya mifereji. Elisée alikuwa ameuficha ugonjwa, akaendelea kubeba mayai hadi asubuhi aliyoshindwa kupanda baiskeli. Utumbo ulikuwa umeshatoboka. Walimpasua, lakini saa zilikuwa zimepita. Tuliochelewa ni sisi, si wao.

Elisée na mimi tulikuwa mapasa, watoto wa mimba moja. Yeye alitangulia kutoka tumboni, akaitwa Kyungu. Mimi nilimfuata, nikaitwa Kabwe, kama mapasa wote wa watu wetu wa Kabalo. Padri alituongezea Elisée na Claudine. Kwetu, mmoja wa mapasa hafi. Anaenda kutafuta kuni, na mtu aliyeenda kutafuta kuni haliliwi. Ukimlilia, wazee wanasema, yule aliyebaki atasikia kilio, atajua kwamba ameachwa, naye atafuata njia ileile. Kwa hiyo mama hakuyazuia machozi kwa ajili ya Elisée. Aliyazuia kwa ajili yangu.

Na mama yetu, Victorine, alikuwa mtu wa kulia. Baba yetu Faustin, aliyekuwa fundi wa reli, alipofariki, mama alilia hadi watu wa avenue ya nyuma wakaja kuuliza kama kuna nyumba inaungua. Hata kwenye matanga ya wengine walimtumia mtu wa kumwita. Yeye akianza, wanaume waliokuwa wakicheza karata nje waliziweka karata chini. Alisema kulia ni kama kufua: ukiacha nguo zirundikane, zinaoza.

Matanga ya Elisée yalikuwa ya nyimbo. Wanawake wa upande wa baba walijipaka usoni pemba, ule udongo mweupe, wakaimba nyimbo za mapasa, zile zinazowatukana wazazi wa mapasa kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Mama alikaa katikati yao akipiga makofi. Mlangoni alisimama tantine Régine, dada ya baba, kazi yake ikiwa kuwarudisha wenye machozi.

Madame Myriam, mwenye depo ya mayai kule Bel-Air, alifika mikono kichwani, sauti yake imetangulia.

"Acha byo, mama," tantine Régine akamwambia. "Hapa hapana kilio."

"Namna gani hapana kilio? Mutoto alikufa."

"Hakufa. Ni mapasa. Alienda kutafuta kuni. Ingia uimbe, ao rudia kwenu."

Madame Myriam alishusha mikono kutoka kichwani. "Basi unipatie fasi ya kupanguza macho kwanza."

"Panguzia kule kwa majirani. Haina hapa kwa mulango."

Baadaye katekista naye alijaribu. "Mama Régine," akasema kwa upole, "hata Yezu alilia. Alimulilia Lazaro."

"Lazaro hakuwa mapasa," akajibu tantine Régine, na katekista akaomba chai.

Mimi sikuruhusiwa kwenda makaburini. Waliniacha chumbani na sahani mbili za ugali wa bukari, yangu na ya Elisée, nikaambiwa nizimalize zote. Nilikula huku nikisikia nyimbo zikienda mbali upande wa barabara kubwa. Nilimaliza zote mbili.

Mapasa wanapewa sawa. Ukimnunulia mmoja shati, mwingine naye apate shati. Ukimpiga mmoja, mwingine umguse kofi dogo asijione amesahauliwa. La sivyo mmoja atakasirika, na mapasa akikasirika anaugua. Ndiyo sababu msichana wa Hewa Bora akawa na baiskeli. Mjomba Sylvain, anayefanya kazi ya kutoa mizigo forodhani kule Kasumbalesa, alimletea Elisée baiskeli iliyotumika, imetoka Zambia juu ya lori. Mama alimsimamisha mlangoni.

"Na ingine?"

"Ingine gani?"

"Kinga ya Kabwe," mama akasema, maana baiskeli kwetu ni kinga.

"Yaya," mjomba akamwambia dada yake, "ule ni mwanamuke. Atafanya nayo nini?"

"Ni mapasa. Unataka akasirike, tumuzike?"

Mjomba alirudi na ile baiskeli Kasumbalesa bila hata kunywa maji, na hatukumwona tena hadi alipokuja na mbili.

Tulipomaliza shule ya sekondari, hakukuwa na kazi ya ofisini iliyotungoja. Tukaingia kwenye mayai. Yanatoka Zambia, yanashushwa kwenye depo ya Madame Myriam, na Elisée aliyaleta Hewa Bora, ambako mimi niliyauza mezani mbele ya nyumba na kuyagawa madukani. Aliyapanga kwenye trei, trei juu ya trei, nyuma yake kwenye karia, hadi mnara ukapita kichwa chake. Aliufunga kwa mipira iliyokatwa kwenye tyubu za zamani. Njiani kuna mahali reli inakatiza barabara. Garimoshi la mizigo likipita pale, linapita kama linatembea kwa miguu, na pengine linasimama kabisa. Wabebaji wengine walishuka wakashika baiskeli zao. Elisée hakuweza. Akiegemea upande mmoja ili aweke mguu chini, mnara wa mayai ungeegemea naye. Basi alijifunza kusimama. Miguu yote miwili juu ya pedali, gurudumu la mbele amelipinda kidogo, breki ameshika, anapumua tu, mpaka behewa la mwisho lipite. Watu walianza kumngoja pale ili wamwangalie.

Mmoja wao alikuwa Mardochée, muuza vipuri wa baiskeli, mtu wa asili ya Kasai aliyezaliwa hapahapa, kocha wa klabu ndogo ya baiskeli. Mardochée anapenda maneno. Ukimwuliza saa, anaanza na historia ya saa.

"We, muntu wa mayai," akamwita Elisée siku moja. "Unajua ile kintu unafanya iko na jina?"

"Iko na jina," Elisée akajibu bila kugeuza kichwa. "Kuogopa Madame Myriam."

Ndipo Mardochée akamweleza kwamba kuna mchezo unaoitwa trial. Mtu anapanda mawe, magogo na mapipa kwa baiskeli, na kila mguu unaogusa chini ni alama ya kosa. Alikuja nyumbani na baiskeli ya mchezo huo, ndogo, nyepesi, isiyo na mahali pa kukaa. Mama aliizunguka.

"Kinga bila kiti? Banakuibia kiti, na weye unashukuru?"

"Mama, hii njo namna yake," Mardochée akasema. "Tangu zamani, kule Ulaya, bantu ba..."

"Na ya Kabwe?"

Mardochée akacheka. "Mama Mapasa, kwetu Kasai banabaita Mbuyi na Kabanga. Ninajua. Ingine iko ndani ya motoka."

Kuanzia siku hiyo mama alimpenda.

Sikuwa hodari kama Elisée. Kazi yangu kubwa ilikuwa kusimama chini yake alipojaribu jiwe jipya, mikono juu, nimdake akianguka. Zamu yangu ilipofika, alisimama yeye. Nilikuwa na tabia ya kupapatika baiskeli ikianza kuyumba, nikavuta huku na kusukuma kule. "Usifanye kintu," aliniambia kila mara. "Ukisikia unaanguka, usifanye kintu. Simama tu. Bantu banaanguka juu ya kufanya bintu mingi."

Na kila siku ya shindano, hata dogo la mtaani, mama alichemsha mayai mawili. Alichagua yale yenye ufa ambayo hayauziki. Aliyamenya mwenyewe, akampa kwanza Kyungu, kisha Kabwe, na hakuondoka hadi aone tumemeza.

Habari zikafika kwamba ubingwa wa kimataifa wa baiskeli za mlimani na trial utafanyika Lubumbashi, kwenye machimbo ya zamani ya mawe upande wa barabara ya Likasi, katika majira ya kiangazi. Elisée akachaguliwa kati ya watu wa nyumbani. Nami nikachaguliwa kwa upande wa wanawake, na sijivuni, wanawake wa trial katika mji wetu tunaweza kukaa wote kwenye mkeka mmoja. Elisée aliimba njia nzima toka Bel-Air na mayai yake nyuma. Kisha ikaja mvua, na ile homa.

Baada ya matanga, mama aliendelea kupakua sahani mbili mbele yangu. "Kula ya kwako. Sasa kula ya ndugu yako." Aliketi kunitazama. Mimi nikawa nanenepa mashavu, yeye akawa anakonda, kwa kuwa akishanipakulia yeye hakuwa na hamu ya kitu. Nilipokwenda Bel-Air kuchukua mayai, alisimama mlangoni mpaka nirudi. Nilipoamka asubuhi nilimkuta ameketi kando ya kitanda changu, amevaa tayari, kama mtu anayesubiri safari. Mwishowe nikampeleka zahanati. Muuguzi alimpima tansiyo, akapima tena, akatikisa kichwa.

"Mama, kuko kintu unafunga mu roho," akamwambia. "Ukiendelea vile, itakupasua."

"Kama ninafunga, ninajua juu ya nini," mama akajibu, akashusha mkono wa blauzi yake.

Muuguzi aliniita pembeni. Alisema presha ya namna ile haingoji, kwamba nisije kumzika mama yangu nikidhani ni uchovu. Niliogopa. Mimi sikujua kama niliamini yale ya wazee. Lakini mama aliyaamini, na sikuwa na namna ya kumwambia: lia, sitakufa. Kila mtu anaweza kusema hivyo. Elisée pia angesema.

Mardochée alikuja vumbi la kiangazi lilipoanza. Aliketi, akaanza mbali, na barabara, na bei za tairi, na baridi ya mwaka huu, hadi mama akamkata.

"Mardochée, sema ile ilikuleta."

"Mama Mapasa, jina ya Claudine ingali pale. Ningependa aende."

"Kabwe hapandi tena kinga. Nilibakia na mumoja."

Mardochée akainamisha kichwa. Aliyesema ni tantine Régine, aliyekuwa akichambua majani ya muhogo pembeni.

"Mama Mapasa, Kyungu ilikuwa aende?"

"Ilikuwa aende."

"Basi Kabwe anaenda. Ile ya mumoja ni ya babili. Tangu lini unapatia mumoja, unamunyima mwingine?"

"Yaya, ataanguka."

"Kuanguka, banamwokota. Kukasirika je? Ukimukasirisha, nani ataokota?"

Mama alimtazama wifi yake. Desturi ileile iliyomfunga kinywa sasa ilikuwa inamfungulia mlango, na hakuweza kuikubali upande mmoja akaikataa upande mwingine.

"Nitakuwa pale," akasema mwishowe. "Na asitoke mu macho yangu."

"Mama," Mardochée akasema, "ni trial. Kazi ni kupanda juu ya mawe mbele ya bantu. Atajificha wapi?"

Siku ya ubingwa machimbo yalikuwa yamejaa bendera. Walikuja watu wa Zambia, wa Afrika Kusini, wa Rwanda, na Wazungu waliopaka mafuta meupe usoni. Tantine Régine akauliza kama nao wana mapasa. Waendesha baiskeli za mlimani walipotelea nyuma ya kilima, wakarudi wekundu kwa vumbi, meno tu ndiyo meupe. Trial ilikuwa chini, katikati ya mawe, magogo na mabomba ya saruji, kila njia imezungushiwa utepe. Mama na tantine Régine waliweka viti vyao vya plastiki karibu kabisa na utepe, mahali ambapo hapakuwa pa viti. Kijana mmoja wa waandaaji alikuja kuwaondoa, akasikiliza dakika chache, akaondoka yeye.

Mama alifungua mkoba, akatoa kitambaa. Ndani mlikuwa na mayai mawili, yameshamenywa.

"Ya Kyungu," akasema, akatangulia kunipa hilo, kama alivyozoea kutanguliza. Kisha akajirekebisha. "Hapana. Kula ya kwako kwanza."

Nilikula langu. La pili nililiangalia, nikalirudisha mkononi mwake.

"Mama, nitatapika. Ushike. Nitaikula kisha."

Haikuwa imewahi kutokea. Alilishika yai kwenye kiganja kama mtu aliyepewa kifaranga.

"Ushike tu," tantine Régine akamwambia. "Kyungu alijua kungojea. Ile reli yote alingojea."

Njia za kwanza nilizipita, si vizuri sana. Mguu wa kushoto ulinigusa chini mara kadhaa. Kila nilipotoka, mama alikuwa na neno.

"Uliweka muguu."

"Haifukuzi muntu, mama. Banaandika kosa tu."

"Kyungu hakuwekaka."

"Ninajua, mama."

Chileshe, msichana wa Kitwe aliyekuwa akitangulia mbele yangu, anajua Kiswahili cha soko. Alinisogelea akanong'ona, "Mama yako iko mukali kupita bale ba juge." Nilicheka. Nilikuwa sijacheka kwa baiskeli mkononi tangu mvua.

Ikabaki njia ya mwisho. Ilikuwa na jiwe kubwa, juu bapa kama meza, na ng'ambo yake jiwe lingine la kurukia. Mardochée aliniambia nikiipita, hata kwa makosa mawili matatu, ninaingia fainali ya kesho pamoja na Chileshe. Mtu wa klabu yetu hajawahi kufika huko. "Clau," akasema, "panda, pumua, ruka. Saa ni fupi. Sitasema mingi." Na kweli hakusema mingi.

Nilipanda. Gurudumu la mbele lilishika, nikajivuta, la nyuma likafuata likanyanyua changarawe, nikawa juu. Baiskeli ilitulia. Mbele yangu lilikuwa lile jiwe la kurukia, na nyuma ya lile jiwe, ng'ambo ya utepe, alikuwa mama.

Alikuwa ananitazama kwa macho yote. Mkono wake ulikuwa mdomoni. Nilidhani anauma kucha. Kisha nikaona taya inatembea, na nikaelewa kwamba ameliuma yai. Hakujua. Mwili wake ulikuwa na njaa ya miezi, yai lilikuwa mkononi, na macho yalikuwa kwangu. Taya ikasimama. Aliushusha mkono akaangalia: nusu ya yai, kiini cha njano kinamwagika vidoleni. Alikuwa amekula fungu la Kyungu. Na hakuna mtu aliyekuja kulidai.

Ndipo nikaisikia ile sauti. Niliijua. Ilikuwa imekaa bila kutumika tangu mazishi ya baba, na ilitoka na yai bado mdomoni. Hakusema Kyungu. Alisema, "Elisée. Elisée wangu. Mutoto wangu alikufa."

Tantine Régine aliruka kutoka kwenye kiti, akaanza kupiga makofi na kuimba wimbo wa mapasa kwa nguvu zake zote, ili aifunike. Watu waligeuka. Mama aliufunika mdomo kwa mkono, kilio kikapita kati ya vidole. Kisha akainua macho akanitazama, na niliiona hofu yake waziwazi. Alikuwa amelia. Sasa alikuwa anangoja kuniona nikianguka.

Sikufanya kitu. Nilipinda gurudumu la mbele kidogo, nikashika breki, miguu yote miwili juu ya pedali, nikasimama.

"Clau, saa!" Mardochée aliita. "Saa inaisha. Ruka."

Sikuruka. Kuruka ni kumwondolea macho, na upande wa pili wa kuruka mtu anaweza kuanguka. Kusimama nilikujua. Nilikuwa nimemwona ndugu yangu akisimama hivyo mbele ya magarimoshi yote ya mji huu. Watu walipiga kelele kwanza wakidhani nimeogopa, kisha kelele ikapungua. Filimbi ya mwisho wa muda ikalia. Juge, mwamuzi wa njia ile, akanionyesha kwa mkono nishuke. Sikushuka. Nilimtazama mama naye akanitazama, akilia, na kila alipopangusa macho akatazama tena, alinikuta nipo. Alilia vizuri, kama zamani, kwa sauti nzima. Tantine Régine alifika katikati ya tusi moja la wimbo, sauti ikamkatika, akakaa chini.

Mapaja yaliwaka, mikono ikafa ganzi. Sijui ilichukua muda gani. Labda kama garimoshi moja la mizigo. Mama alipochukua pindo la kikwembe chake akajifuta uso, na kumeza kilichobaki mdomoni, niliweka mguu juu ya jiwe.

Juge, Mzungu mzee mwenye kofia, alikuja kumwuliza Mardochée kwa Kifaransa kama nimeumia au kama mashine ina kasoro. Mardochée yule wa maneno mengi alimjibu kwamba mama yangu alikuwa analia. Yule mzee alinitazama, akamtazama mama, akaandika kwa mwandiko mdogo kwamba njia imenishinda. Chileshe aliingia fainali. Alinikumbatia kabla ya kwenda, akasema kwao pia mapasa si mchezo.

Nilipofika kwenye viti, mama alinionyesha nusu ya yai.

"Nilikula ya Kyungu."

"Niliona, mama."

"Sikujua. Mukono ilienda yenyewe."

"Kula na ile inabakia."

Alimgeukia tantine Régine. Tantine alikuwa amekunja uso, pemba ya asubuhi imechorwa mistari na machozi yake mwenyewe, ambayo hakutaka tuyaseme.

"Kula tu," akasema. "Yai iliumwa, utaipatia nani?"

Mama alikula polepole. Alilamba na kiini cha vidoleni. Kisha akanishika kifundo cha mkono, akakibana, kama anayepima kama ndizi imeiva.

"Nililia, na haukuanguka."

"Nilisimama."

"Ulisimama kama yeye." Akaniachia mkono. "Yeye alisimamaka muzuri kupita."

"Ninajua, mama."

Hata hivyo tantine Régine alitoa kipande cha pemba kwenye mkoba, akanichora msalaba kwenye paji la uso. Alisema mambo ya wazee hayatupwi kwenye machimbo ya mawe.

Sasa miezi imepita. Baiskeli isiyo na kiti imerudi klabuni, moja. Ya pili Mardochée alikataa kuichukua. Mayai ya Madame Myriam ninayabeba mimi, trei chache kuliko Elisée, na kwenye reli ninangoja bila kuweka mguu chini nikiweza. Nyumbani tunakula sahani moja moja. Muuguzi anasema tansiyo imeshuka. Mama akitaka kulia, ananiita kwanza. Ninaacha mayai, ninaweka kiti mbele yake, ninakaa, naye analia.